UZI: Daktari wa imejensi aliyekuwa mbunge wa jimbo la Oregon, na orodha ya magonjwa yanayolipiwa na yasiyolipiwa

Mkalimani_PDX (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Juzi kwenye uzi wa mishahara ya madaktari watu walibishana sana kama daktari akiingia bungeni anasaidia au anapotea tu, mmoja akasema ni kupoteza mtaalamu, mwingine akasema bunge likijaa madaktari hospitali zitanyooka zenyewe. Nimeona nilete kisa cha mtu mmoja kwa sababu naishi kwenye jimbo lake huku Marekani na kazi yangu ya kila siku inapita ndani ya sheria aliyoisimamia. Mie ni mkalimani wa hospitali, Kiswahili na Kiingereza, wagonjwa wangu wengi ni ndugu zetu wa Kongo waliokuja kama wakimbizi, na karibu wote bima yao ni moja, ile ya jimbo inayoitwa Oregon Health Plan. Bwana mwenyewe anaitwa John Kitzhaber.

Msimamo wangu nautoa mapema. Kikubwa alichofanya huyu mtu ni kukataa ule ujanja wa wanasiasa wa kumnyima mtu matibabu bila kusema kwamba wamemnyima. Akalazimisha kunyimwa kuandikwe kwenye karatasi, kupewe namba, na kila raia aone. Wapo wanaomlaumu kwa hilo mpaka leo na baadhi ya hoja zao ni za kweli, nitazileta hapahapa.

Kwanza tuelewane kuhusu bunge lenyewe maana watu wengi wakisikia mbunge Marekani wanawaza Washington. Kila jimbo lina bunge lake, lina bajeti yake na sheria zake. Oregon wana wawakilishi 60 na maseneta 30, wanakaa Salem. Na enzi za Kitzhaber lile bunge lilikuwa linakutana miaka ya witiri tu, miezi kadhaa, kisha kila mtu anarudi kwake, mkulima shambani, wakili ofisini, mwalimu darasani (vikao vya kila mwaka wananchi wamekuja kuvipigia kura 2010). Kwahiyo daktari alikuwa anaweza kuwa mbunge na bado akawa anashika zamu. Hili likumbukeni, ndo msingi wa kisa chote.

Kitzhaber kazaliwa 1947, kasoma Dartmouth, udaktari kamaliza Oregon 1973, akaenda kufanya kazi imejensi, yaani kitengo cha dharura cha hospitali, kwenye mji unaitwa Roseburg, kusini mwa jimbo. Roseburg ni mji wa mbao. Viwanda vya kupasua magogo, malori, wanaume wenye vidole vilivyokatwa na misumeno. Kutoka pale mpaka Salem ni zaidi ya kilomita 200 barabara kuu. 1978 akachaguliwa baraza la wawakilishi, 1980 akachaguliwa seneti, na 1985 maseneta wakamfanya rais wa seneti, kiti alichokaa mpaka 1993. Baadae akawa gavana, lakini ugavana siufanyi mada, mie nataka hii miaka ya bunge. Mtu anavaa suruali ya jinzi na buti na tai juu yake, anaongoza seneti, kikao kikifungwa anarudi Roseburg anashika zamu imejensi.

Sasa mwanzoni mwa miaka ya 80 biashara ya mbao ikaanguka, viwanda vikafungwa, mapato ya jimbo yakashuka. Bunge likakata matumizi. Na huku bima ya maskini inaitwa Medicaid, serikali kuu inatoa sehemu na jimbo linatoa sehemu, na majimbo pesa ikipungua yana njia yao moja ya kukata ambayo haina kelele. Hawasemi ugonjwa flani hatuutibu. Wanashusha kigezo cha kipato. Jana ulikuwa maskini wa kutosha kupata Medicaid, leo kigezo kimeshuka, wewe ni yuleyule, mfuko wako ni uleule, ila kwenye karatasi huhesabiki tena. Wabunge wamepiga kura ya namba moja kwenye bajeti, hakuna aliyetaja mgonjwa, hakuna aliyetaja ugonjwa, wanaenda nyumbani na usingizi wao.

Tatizo la Kitzhaber ni kwamba nyumbani kwake ni imejensi. Amesimulia mara nyingi kwamba baada ya bunge kuondoa maelfu ya watu kwenye Medicaid yeye akarudi zamu na akaanza kuwapokea walewale, akiwemo mtu mmoja aliyeletwa na kiharusi kikubwa kwa sababu aliacha dawa za presha, na aliacha dawa za presha kwa sababu alitolewa kwenye bima. Hebu pima hapo. Dawa za presha ni bei ndogo. Kiharusi ni vipimo, ni kitanda, ni wiki kadhaa, na mtu harudi alivyokuwa. Na jimbo halijaokoa senti maana hospitali kwa sheria haiwezi kumfukuza mtu wa imejensi, ile gharama inaenda kuongezwa kwenye bili za wengine.

Seneta wa kawaida hayo anayasoma kwenye ripoti, kama kuna ripoti. Yeye kashika kura kwa mkono mmoja na mgonjwa kwa mkono mwingine.

Nakunywa chai naendelea na sehemu ya 1987, ndo ngumu.

Kisimani

Nafuatilia mkuu. Ila hapo kwa mtu wa presha umenigusa maana mzee wangu alikuwa anameza dawa siku ambazo hela ipo.

Mkalimani_PDX

Pole sana mkuu, ndo mambo yenyewe hayo.

1987. Bunge likaamua Medicaid ya Oregon isilipie tena upandikizaji wa viungo kama moyo, ini na uboho wa mifupa. Hesabu ilikuwa ni kama watu 30 hivi kwa miaka miwili ya bajeti, na kwa hela ileile wangeweza kuwapa huduma za kliniki wajawazito maskini kama 1,500. Likapita, na wakati linapita hakukuwa na kelele za maana.

Halafu akatokea mtoto wa miaka 7, ana leukemia (saratani ya damu), anahitaji uboho, gharama kama dola 100,000, na Medicaid imeshasema hailipi. Familia ikaanza kuchangisha. Televisheni zikaja. Mtoto anaonekana kwenye taarifa ya habari, jina lake linajulikana jimbo zima, watu wanatoa michango, na akafariki Desemba 1987 michango ikiwa bado haijatimia.

Mnajua mwanasiasa wa kawaida hapo anafanya nini. Januari 1988 kamati ya bunge inayoshughulikia fedha za dharura ikaletewa ombi la kurudisha hela za upandikizaji kwa wagonjwa wengine waliokuwa wanasubiri. Kitzhaber, daktari, rais wa seneti, akapinga. Na ombi likakataliwa.

Kisimani

Subiri kwanza mkuu. Daktari mzima, ameapa, mtoto amekufa watu wanalia, yeye anasimama anasema hapana? Huyo ndo unamleta hapa kama mfano mzuri? Mimi nimekwama hapo.

NesiWaZamu

Kisimani hata mimi nimesoma hiyo sehemu mara mbili. Ila kabla hujamhukumu ngoja amalize, maana swali la watu 30 na wajawazito 1,500 sisi tulio wodini tunalijua. Tofauti yetu ni kwamba sisi tunaamuliwa na stoo.

Mkalimani_PDX

Kisimani swali lako ndo swali alilopigwa nalo mitaani na kwenye magazeti nchi nzima. Nakujibu nilivyoelewa hoja yake.

Alikuwa anasema hivi: mkirudisha hizi hela mnazitoa wapi? Kwenye mfuko uleule. Kwahiyo kuna watu wengine watatolewa ili hawa waingie, na hao wengine hawana kamera mlangoni kwao. Yule mama ambaye hakwenda kliniki hata mara moja, mtoto kazaliwa kabla ya wakati, hakuna mtu atakayepiga simu televisheni kusema mtoto huyu amekufa kwa kura ya bunge. Ila amekufa kwa kura ya bunge. Kama tuna hela ya kuongeza kwenye afya, akauliza, nani kasema upandikizaji ndo sehemu ya kwanza ya kuiweka? Tuna msingi gani wa kuamua zaidi ya nani ameonekana kwenye taarifa ya habari?

Sisemi ilikuwa rahisi kusikiliza. Nikiwa mzazi wa yule mtoto ningemchukia mpaka kaburini. Lakini mie naona hapo udaktari wake ulikuwepo kweli, tena udaktari wa imejensi ambako kila usiku unaamua nani aingie kwanza. Kwenye chumba cha imejensi huwezi kumhudumia anayelia kwa sauti kubwa ukamwacha aliyenyamaza, maana aliyenyamaza mara nyingi ndo anakufa.

Na hakuishia kusema hapana akanyamaza. Mwaka uliofuata, 1989, akapitisha sheria.

NesiWaZamu

Aliyenyamaza ndo anakufa, hilo tulifundishwa wiki ya kwanza kabisa.

Mkalimani_PDX

Naenda kwenye sheria yenyewe, mswada wa seneti namba 27 wa 1989, na hapa naomba uvumilivu kidogo maana utamu uko kwenye namna ulivyofungwa.

Jambo la kwanza, kila mtu aliye chini ya mstari wa umaskini wa serikali kuu anaingia kwenye bima. Kabla ya hapo Oregon ilikuwa inachukua familia zenye kipato cha zaidi kidogo ya nusu ya huo mstari tu, na mtu mzima asiye na watoto hata kama hana kitu kabisa alikuwa nje. Kwahiyo ule mlango wa kutoa watu kimyakimya kwa kushusha kigezo ukafungwa.

Sasa kama huwezi kutoa watu na hela ni ileile, utapunguza nini? Utapunguza vitu vinavyolipiwa. Ndo ikaundwa tume ya watu 11: madaktari 5, nesi mmoja wa afya ya jamii, mtu mmoja wa ustawi wa jamii, na raia wa kawaida 4. Kazi yao ni kupanga magonjwa na matibabu yake, jozi kwa jozi, kuanzia la muhimu kuliko yote mpaka la mwisho. Kisha wataalamu wa hesabu wanaweka bei. Kisha orodha inakwenda bungeni, na bunge linachora mstari: mpaka hapa tunalipa, chini ya hapa hatulipi.

Sikilizeni hapa sasa. Bunge lilikatazwa kugusa mpangilio. Haliwezi kumtoa mgonjwa wa chini likampandisha kwa sababu seneta flani ana ndugu yake mwenye huo ugonjwa au kampuni flani ya dawa imekuja kuwanong'oneza. Wanachoweza ni kusogeza mstari tu, juu au chini, na kuusogeza maana yake ni bajeti. Wakitaka kukata hela wanajua ni namba ipi mpaka ipi wanaikata, na mwananchi naye anajua. Kwangu mie hiki ndo kitu kikubwa kuliko vyote kwenye maisha yake ya ubunge, mtu anaongoza seneti halafu anatunga sheria inayowafunga mikono maseneta wenzake na yeye mwenyewe akiwemo.

Utekelezaji haukuwa laini. 1990 walifanya mikutano 47 jimbo zima kuuliza watu wanathamini nini, wakaja kama watu 1,000, na hapo ndo kuna lawama ya kwanza ya kweli: wengi waliohudhuria walikuwa wafanyakazi wa afya wenyewe, maskini ambao orodha inawahusu walikuwa wachache mno. Mei 1990 kompyuta ikatoa orodha ya kwanza, vitu kama 1,600, imepangwa kwa hesabu ya gharama na faida, na ikatoka aibu tupu. Kuziba jino kwa kofia kulikuwa juu ya upasuaji wa kidole tumbo! Kwa hesabu ya kompyuta ilikuwa sawa, jino ni bei rahisi na linasaidia wengi, lakini kidole tumbo usipokata mtu anakufa. Tume ikaitupa ile orodha, ikapanga upya kwa makundi 17, la kwanza likiwa magonjwa ya ghafla yanayoua ila ukitibu mtu anapona kabisa, la pili uzazi, na wakawa wanashusha na kupandisha kwa mikono yao wakitumia akili ya kawaida. 1991 ikatoka orodha ya jozi 709, bunge likalipia mpaka namba 587.

Na mjue upandikizaji mwingi wa viungo, pamoja na ule wa uboho kwa watoto wenye leukemia, ulipopangwa wazi hivyo ukaangukia juu ya mstari. Ukarudi kulipiwa. Nililijua hili miaka mingi baada ya kuhamia huku na niliumia kwa ajili ya ile familia.

Mwana wa Likoni

Saa hii nasoma nikiwa kazini Mombasa, uzi wa nguvu. Lakini ndugu kuna kitu hujasema. Hiyo orodha ilikuwa ya nani? Ya maskini pekee ama hata hao waheshimiwa walikuwa wamewekwa ndani? Kwa sababu mimi nikikuchorea mstari na mimi mwenyewe bima yangu haina mstari, hiyo si haki, hata uniambie ilikuwa wazi namna gani.

Mkalimani_PDX

Umepiga penyewe Mwana wa Likoni, na hiyo ndo lawama kubwa ya pili, na sina jibu la kuifuta. Orodha ilikuwa ya Medicaid. Wabunge, wajumbe wa tume, madaktari, wote bima zao zilikuwa nyingine. Al Gore akiwa seneta aliipinga kwa hoja hiyohiyo, kwamba wanaopangiwa mgao ni maskini peke yao. Kitzhaber mpango wake ulikuwa na mguu mwingine, sheria nyingine ya mwaka uleule iliyowataka waajiri wawalipie wafanyakazi bima isiyo chini ya kile kifurushi, ili orodha iwe ya watu wengi na siyo ya maskini tu. Ule mguu haukuwahi kutembea, ulihitaji ruhusa ya Congress, bunge kuu la Washington, na ruhusa haikuja. Kwahiyo ikabaki nusu ya alichokusudia, na nusu iliyobaki ndo ile inayowabana wasio na nguvu.

Na watu wenye ulemavu nao walikuwa na hoja nzito. Kama kwenye kupanga unauliza watu wenye afya njema maisha ya mtu asiyetembea yana thamani gani, si tayari umeshamshusha? Agosti 1992 serikali ya Bush mkubwa ikakataa kuidhinisha mpango kwa sababu hiyo, unakiuka sheria ya watu wenye ulemavu. Wakarekebisha, Machi 1993 serikali ya Clinton ikapitisha, na Februari 1994 bima ikaanza, ndo hii Oregon Health Plan. Asilimia ya wasio na bima Oregon ikashuka toka kama 18 mwaka 1992 mpaka kama 11 mwaka 1996. Hao ni watu wengi kwelikweli kwa jimbo dogo.

Nitoe mfano wa mstari unavyoonekana ukiwa chumbani, nimebadilisha kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa natafsiri kwa baba mmoja wa Kongo anabeba maboksi ghalani. Daktari kamwambia asimame akohoe, uvimbe ukatokea kinenani, ngiri. Daktari akaurudisha kwa vidole taratibu, akamuuliza ukilala unarudi wenyewe? Akasema ndiyo unarudi. Basi hiyo kwa orodha ni ngiri ya mtu mzima isiyo na matatizo, iko chini ya mstari, upasuaji haulipiwi. Ngiri ikinasa, utumbo ukabanwa, hiyo ni laini nyingine, yaani namba nyingine kwenye orodha, iko juu, wanakupeleka chumba cha upasuaji usiku huohuo na unalipiwa yote. Yule baba akaniangalia mie, hakumwangalia daktari, akasema, "Kwahiyo wanangoja nizidiwe?" Nikalitafsiri vilevile bila kulipunguza, ndo kazi yangu. Daktari hakukwepa. Aligeuza kompyuta akamwonyesha namba ya laini, akamwambia kwa sheria ya sasa ndivyo ilivyo, una haki ya kukata rufaa na fomu ni hii, na kuna fomu ya kuomba msamaha wa gharama za hospitali. Kisha akamweleza dalili za hatari moja moja, maumivu ya ghafla, kutapika, uvimbe kuwa mgumu na kugoma kurudi, akamfanya azirudie mwenyewe kwa Kiswahili nami nizitafsiri ahakikishe ameshika.

Yule baba alitoka amekasirika na alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini alitoka anajua amenyimwa nini, na nani, kwa namba ipi, na aandike barua kwa nani.

NesiWaZamu

Mkuu nimesoma hii ya ngiri nikiwa nimekaa dawati la wodi usiku huu nikaona niandike. Huku kwetu mstari upo sana, ila hakuna aliyeuchora. Mstari wetu unaitwa "dawa hii imeisha, kanunue nje". Unaitwa "mashine mbovu, rudi wiki ijayo". Mgonjwa anaondoka anaamini ni bahati mbaya, ama anaamini mimi nesi nimemfanyia roho mbaya, na ananitukana mimi. Kumbe kuna mtu mahali aliamua hela iende kwingine na wala hajui kama ameamua. Hata sasa huku Tanzania tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na ule mvutano wa Machi 2024 wa kitita kipya cha mafao cha NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, hospitali binafsi zikagoma kupokea kadi, nani alikaa na mama wa kijijini akamuuliza yeye angetanguliza nini? Sipendi yule baba anyimwe upasuaji. Ila naipenda ile kompyuta iliyogeuzwa.

Kisimani

Nesi umenena. Mimi bado na yule mtoto moyo haujatulia lakini nimeelewa mantiki. Swali: hao madaktari wabunge wengine wanafanyaje? Au huyu ni peke yake?

Mwana wa Likoni

Kuna yule wa California wa chanjo, daktari wa watoto, walimrushia damu.

Mkalimani_PDX

Ndiyo, Richard Pan, daktari wa watoto wa Sacramento, aliingia bunge la California 2010 na seneti 2014. Surua ililipuka Disneyland mwisho wa 2014, yeye na mwenzake wakaleta sheria ya kuondoa ule msamaha wa wazazi kusema imani yangu binafsi hairuhusu mtoto achanjwe, gavana akaisaini Juni 2015. Agosti 2019 akasukumwa mtaani na mpinga chanjo aliyekuwa anajirekodi mubashara, na Septemba mwaka huohuo mwanamke mmoja akarusha damu toka juu kwa watazamaji mpaka kwenye viti vya maseneta, kikao kikahamishiwa chumba kingine wakaendelea usiku. Akamaliza muda wake 2022. Vita yake ilikuwa tofauti na ya Kitzhaber, ushahidi wa chanjo upo wazi, kilichotakiwa ni kifua cha kusimama nao. Kitzhaber yeye hakuwa na jibu la kitabuni, hakuna kitabu cha udaktari kinachokwambia uboho wa mmoja au kliniki ya hamsini. Ndo maana namwona wa kipekee.

Na ili nisionekane nampamba, mwisho wake nao usemwe. Ugavana 1995 hadi 2003, alipiga veto miswada zaidi ya 200. Bima yenyewe ikaja kuumizwa 2003, jimbo lilipoanza kuwatoza wale watu wazima walioingizwa na upanuzi wa bima, waliokuwa na kifurushi chao, dola 6 hadi 20 kwa mwezi, na mpango huo ulibuniwa mwishoni mwa utawala wake mwenyewe. Kwa mtu mwenye kazi dola 6 ni chai. Kwa asiye na kipato ilitosha, maana wanachama wa kifurushi kile walipungua kama nusu ndani ya mwaka. Yaani kushusha kigezo kulizuiwa mlangoni, kukaingia dirishani kwa jina la ada. Hili linaniuma kuliko ile kura ya 1988, kwa sababu kura ya 1988 aliitetea hadharani.

2008 jimbo likapata hela ya nafasi kama 10,000, wakajiandikisha kama 90,000, ikabidi wachezeshe bahati nasibu. Watafiti wakawafuatilia waliopata na waliokosa, na matokeo yanasomwa dunia nzima: waliopata bima sonona ilipungua, madeni ya hospitali yalipungua sana, ila presha na kolestro ndani ya miaka miwili havikuonyesha tofauti ya kueleweka, na kwenda imejensi kuliongezeka badala ya kupungua.

Akarudi ugavana 2011. Novemba mwaka huo akasimamisha mtu aliyekuwa anyongwe, kwa Oregon ni sindano, na kwenye maelezo yake akataja kiapo chake cha udaktari na kwamba mara mbili huko nyuma, 1996 na 1997, aliruhusu na hakupata amani. Februari 2015 akajiuzulu kwa kashfa ya mchumba wake kufanya kazi za ushauri huku akitumia nafasi ya ofisi ya gavana. Uchunguzi wa serikali kuu ukafungwa 2017 bila mashtaka, tume ya maadili ya jimbo ikamkuta na makosa, akalipa faini dola 20,000 mwaka 2018. Kwangu ni aibu na haifutiki kwa mema ya nyuma.

Kisimani

Asante kwa kutoficha. Hiyo orodha bado ipo? Au ilikufa naye?

Mkalimani_PDX

Ipo, imehaririwa mara nyingi sana. Maumivu ya mgongo kwa mfano yalikuwa yanapata vidonge tu, baadae wakabadilisha yakapata mazoezi ya viungo na hata akupancha, ili watu wasizame kwenye dawa za afyuni. Lakini kwenye makubaliano ya 2022 kati ya jimbo na serikali kuu, orodha inatakiwa iache kutumika kama kigezo cha malipo ifikapo Januari 2027, Medicaid ya Oregon ifuate taratibu za majimbo mengine. Watetezi wa watu wenye ulemavu wamelipigania hilo tangu ile miaka ya 90 na naelewa furaha yao.

Wasiwasi wangu ni bajeti ikibana tena, kwa sababu itabana, hela itakatwa wapi na nani atajua. NesiWaZamu kakieleza hicho kitu vizuri kuliko mimi. Mpaka naandika hapa orodha iko kwenye tovuti ya mamlaka ya afya ya jimbo, mtu yeyote anaifungua bure. Mikutano ya kuihariri nayo ni ya wazi, raia anajiandikisha anapewa dakika zake za kuongea na wakalimani wapo, mkiwa na ndugu Oregon mwenye barua ya kukataliwa mwambieni asiitupe, aangalie tarehe ya mwisho ya rufaa iliyoandikwa humo, na aombe mkalimani kwa simu, ni bure.